Mbona wakiwa nje wanalia deni, wakiingia ndani wanakopa zaidi?

FundiMabati_Nax:

Wadau habari zenu. Hii swali tumebishana nayo hapa Section 58, Nakuru, mpaka mzee wa chai akatuambia tukanywie kwingine, so naileta huku kwa wenye wanafuatilia bajeti kuliko sisi.

Mimi sina chama. Niko na hadwea ndogo, mabati, simiti, misumari, rangi, hizo vitu. Lakini naona kila mwanasiasa akiwa nje ya serikali anajua hesabu vizuri sana, akiingia ndani anasahau hata kujumlisha. Septemba 2022 Rais Ruto aliingia bungeni akasema tumekuwa tukiishi kupita uwezo wetu, akaambia Hazina itafute bilioni 300 za kukata. Wallahi nilipiga makofi. Baadaye ndio nikajiuliza, kwani huyu ni mgeni? Alikuwa naibu wa rais kutoka 2013 na hiyo miaka yote deni ilikuwa inatoka chini kidogo ya trilioni 2 kwenda juu ya trilioni 8. Sawa, mtu atasema naibu hana kalamu. Haya basi kalamu akapewa, na mwaka haujaisha, Machi 2023, nafasi za CAS zenye zilikuwa 23 zikageuka 50, mpaka korti ndio ikasema hapana. Hamsini jameni, na hao ni wasaidizi wa mawaziri tu, bado hujahesabu dereva, bodigadi na katibu wa kila mmoja.

Na kabla mtu wa Azimio, ule muungano wa upinzani wa Raila, aanze kucheka, nyinyi pia nawajia. 2023 mlikuwa barabarani na sufuria kichwani, VAT ya mafuta imetoka 8 ikaenda 16, housing levy imeingia kwa payslip, mkasema hii serikali inakamua watu ili ile. Mwaka mmoja tu ukapita, yaani mmoja, na John Mbadi ambaye alikuwa mwenyekiti wa ODM ndiye ameshika ufunguo wa Hazina, Wandayi ako Kawi, Oparanya ako Ushirika, Joho ako Madini. Sufuria zilienda wapi?

Sasa mimi kwa nini imeniuma. Niko na LPO, ile oda rasmi ya kununua, ya kaunti moja huko magharibi, sitaitaja. Nilipeleka mabati na simiti ya zahanati, lori nilikodisha mwenyewe, stoo kipa akahesabu bati moja moja akasaini na muhuri akapiga. Pesa mpaka leo ni hadithi. Halafu juzi naskia mkubwa wa hiyo hiyo kaunti kwa redio akikemea serikali kuu ati imezoea kukopa bila nidhamu. Nilizima redio nikaendelea kupima misumari.

Swali ndio hili, hawa watu ni wanafiki kwa tabia yao ama ni hicho kiti kinageuza mtu? Na kuna njia mwananchi wa kawaida anaweza jua mwenye anamaanisha akisema atapunguza matumizi, ama tuzoee tu?

---

Jakisumo_wa_Kondele:

Omera tulia kidogo. Unaongea ni kama Mbadi aliingia Hazina akapata sefu imejaa akaanza kugawa. Alipata nini? Mswada wa fedha wa 2024 ulikuwa uingize bilioni 346, nayo nakisi, yaani pengo la bajeti, ilikuwa imepangwa ishuke mpaka 3.3% ya uchumi. Vijana wakasema hapana, mimi mwenyewe nilikuwa hapa Kondele nikimeza teargas na sijuti, ushuru wa mkate 16% na gari 2.5% kila mwaka ilikuwa ni dharau. Tarehe 25 Juni watu wakaingia bunge, tarehe 26 Rais akasema hatii sahihi. Sawa tulishinda. Lakini tukishashinda si hizo pesa hazikuwa? Na matumizi yalibaki karibu pale pale, kwa hivyo gepu inajazwa na mkopo, hakuna uchawi. Bajeti ya 2025/26 ni trilioni 4.29 na shimo ni kama bilioni 923, hiyo ni 4.8%. Hata ukifuta chai na maandazi ya ofisi zote za serikali hadi Busia hufungi hiyo shimo.

Na hiyo mikopo ghali wenye waliikopa ni kina nani? Februari 2024 walienda sokoni wakachukua dola bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75% ndio walipe ile Eurobond, deni ya dola kutoka soko la nje, ya 2014. Mbadi alikuwa bado bungeni. Yaani deni ya 2014 ilimalizwa na deni nyingine ya bei mbaya zaidi halafu leo mtu wa Suba ndiye anaulizwa.

Nakubali kitu moja tu. 2018 wakati VAT ya mafuta iliingia kwa 8%, handisheki ya Raila na Uhuru ilikuwa bado mbichi na upinzani wetu ukawa mpole sana ghafla. Hiyo siwezi kuitetea, hata kwangu nyumbani tuliiongea kwa sauti ya chini.

---

FundiMabati_Nax:

Ndugu yangu nimekuskia, na hizo namba sipingi. Lakini huyo Mbadi alikuwa mwenyekiti wa PAC, kamati ya bunge ya hesabu za umma, kabla apewe wizara, yaani kazi yake ilikuwa kusoma ripoti za mkaguzi mkuu kutoka asubuhi hadi jioni. Shimo aliijua urefu na upana. Kama alijua haiwezi kufungwa na kukata matumizi, mbona akiwa huko nje hawakutuambia hivyo? Walituambia ni wizi tu, wizi ukiisha pesa zitatosha. Sasa wizi umeisha?

---

Mwalimu_Butere:

Mulembe wote. Mimi naongea kama mtu wa chaki.

Julai 2025 waziri huyo huyo alienda mbele ya kamati ya elimu ya bunge akasema serikali haiwezi kulipa ile 22,244 ya kila mwanafunzi wa sekondari, yenye inaweza ni kama 16,900. Kelele zikapigwa, wakubwa wakatoka kusema elimu ya bure iko salama, kila mtu akaonekana anapenda watoto. Shuleni kwetu tulicheka kwa sababu hiyo 22,244 tulikuwa hatuioni kamili miaka mingi kabla ya yeye kusema. Inakuja nusu, inakuja muhula umeisha, na bwalo linadaiwa. Mwenye anatuletea maharagwe ni mama mmoja wa hapa sokoni, anasimama mlangoni kwa bursar na kitabu chake cha rula, kila gunia ameandika tarehe na ni nani alipokea. Mwalimu mkuu akimwona anapitia mlango wa nyuma ya maabara. Kwa hivyo mimi kwa upande wangu Mbadi siku hiyo alikuwa mkweli kuliko wote wenye walimkemea, na ndio maana alikemewa.

Wabunge wenyewe walimpigia kelele, lakini waulize NG-CDF, ile pesa ya maendeleo ya eneo bunge, ikatwe ndio kapitesheni, hiyo pesa ya kila mwanafunzi, ijae uone. Korti Kuu ilisema Septemba 2024 ile sheria ya NG-CDF haiambatani na katiba, ifike mwisho Juni 2026. Hapo ndipo nimewahi kuona serikali na upinzani wakishikana mikono bila kuitwa na mtu, wote wanatafuta njia ya kuiweka ndani ya katiba. Basari inatoka huko, na basari inabebwa na jina la mheshimiwa. Kapitesheni haina jina la mtu. Ndio hiyo tofauti.

---

MiwaChungu:

Mwalimu umenena lakini mimi nitawasema na sisi pia, msinipige.

Hapa kwetu Bungoma tukikaa baraza ya pombe ama ya mazishi, deni ya Kenya tunaijua yote, tunataja Uchina, tunataja reli ya kuishia Suswa, tunasema hii serikali inakopa kama mlevi. Haya. Halafu kiongozi akija, ombi ya kwanza ni gani? Nzoia ifufuliwe. Mumias ifufuliwe. Madeni ya viwanda vya sukari yafutwe. Na yalifutwa! Zaidi ya bilioni 100 ya viwanda vya serikali ilifutwa kwenye vitabu, na hakuna hata mmoja wetu kwa ile baraza aliuliza hiyo ni pesa ya nani. Tulipiga vigelegele. Mimi nilipiga, niko na ekari mbili za miwa na nilikuwa nadai kiwanda tangu zamani.

2025 serikali ikachoka ikakodisha Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa watu binafsi, na wale wabunge wetu wenye kila siku wanasema serikali ipunguze matumizi, ipunguze mzigo, ndio hao hao walikuwa wa kwanza kusema ati tumeuzwa. Sasa unataka serikali iendelee kumwaga pesa kwa kiwanda yenye boila imeoza ama unataka ipunguze matumizi? Chagua moja. Hakuna mtu anachagua, kwa sababu mwenye atachagua atalala nyumbani uchaguzi ukija.

Na mbolea ni vile vile. Ruzuku ya Rais Uhuru ya unga 100 bob kwa pakiti ya kilo mbili Julai 2022 iliitwa upuuzi, kwamba ruzuku ya kula ni kutupa pesa. Ikatolewa. Ikaja ruzuku ya mbolea, gunia 3,500 halafu 2,500, na hiyo tukaambiwa ni uwekezaji. Mimi nilinunua hiyo mbolea na nilishukuru, sitadanganya. Lakini pesa ya ruzuku ni pesa ya ruzuku, na mtu wa Nairobi mwenye hana shamba alinyang'anywa unga ndio mimi nipate gunia. Yeye akisema sisi ni wanafiki ako na haki yake.

---

Kaptembwo_Texas:

Mnaongea ni kama ni Kenya pekee. Mimi niko huku Marekani miaka mingi na nawaambia huku ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao wanakopa kwa pesa yenye wanaichapa wenyewe.

2011 Obama akiwa rais, Republican walikataa kuongeza kikomo cha deni mpaka dakika ya mwisho, kampuni ya S&P yenye inapima kama nchi inaweza kulipa deni ikashusha Marekani daraja. Walilia deni itamaliza wajukuu. Akaingia Trump, mwenye 2016 alisema atamaliza deni yote kwa miaka minane, Desemba 2017 wakapunguza kodi na kufikia 2019 nakisi ilikuwa inakaribia dola trilioni moja na uchumi ulikuwa mzuri, korona haijafika. Wajukuu walisahaulika. Akarudi, Julai 2025 wakapitisha sheria ingine yenye inaongeza kikomo kwa trilioni 5 kwa mpigo.

Na msidhani Democrat ni malaika. Huyo Obama mwenyewe akiwa seneta 2006 alipiga kura ya kukataa kuongeza kikomo wakati wa Bush, na akiwa rais akasema ile kura haikufaa. Kwa hivyo Fundi swali lako la tabia ama kiti, mimi nasema ni kiti. Mweke Gandhi hapo.

---

Jakisumo_wa_Kondele:

@Kaptembwo_Texas nyinyi wa diaspora mkipewa nafasi kidogo mnatupeleka Washington. Lakini hiyo ya Obama 2006 sikuijua na ni jaluo wetu, imeniuma 😂

---

Karani_Mstaafu:

Nimesoma yote kwanza. Mimi nilikuwa karani wa fedha kwa baraza la mji zamani kabla ya ugatuzi, sasa nimepumzika hapa Kisumu na samaki wangu. Kijana wa mabati, nitajibu swali lako la mwisho kwa sababu la kwanza wenzangu wamelimaliza na binafsi sioni faida ya kujua roho ya mtu. Maneno achana nayo. Siku ya bajeti ya Juni achana nayo pia, hiyo ni sherehe.

Kuna vitu hupendeza macho na hazina uzito. Machi 2014 rais na naibu wake walitangaza wamejikata mshahara asilimia 20 na mawaziri 10. Magazeti yote yalijaa. Juni hiyo hiyo, miezi mitatu, ikaja Eurobond ya dola bilioni 2. Mshahara wa watu wawili na dola bilioni mbili, nani aliuliza uwiano? Tarehe 5 Julai 2024 pia tuliambiwa mashirika 47 yavunjwe, washauri wapunguzwe nusu, magari mapya yasinunuliwe mwaka mmoja, ofisi za wake za wakubwa zisipewe bajeti. Januari 2025 baraza la mawaziri lilikuwa bado linaongea kuvunja na kuunganisha mashirika, na washauri wengine wakateuliwa mwaka huo huo.

Mahali pa kuangalia ni bajeti ya ziada. Ile inakuja katikati ya mwaka bila kamera, wabunge nusu hawako. Kifungu cha 223 cha katiba kinaruhusu serikali kutumia pesa kwanza halafu iende bunge kuomba baadaye, mradi isipite asilimia 10 ya kile bunge lilipitisha. Iliwekwa kwa ajili ya dharura, mafuriko, ukame. Ukiona Ikulu na safari zimeongezewa hapo, na barabara na shule zimekatwa hapo, umeshapata jibu la nani anamaanisha na nani hamaanishi. Na uangalie ni nani alipiga kura ya ndio, si nani alihutubia mazishini.

Pili ni kikomo cha deni. Tulikuwa na kikomo cha shilingi, kikaenda trilioni 9 mwaka 2019, 10 mwaka 2022, kila wakikifikia wanakisukuma. 2023 wakakiondoa kabisa wakaweka 55% ya uchumi, na wakati wanapitisha hiyo sheria tulikuwa tumeshaipita, wakajipa hadi 2028 kurudi. Walioweka ni wale wale waliosema kabla ya uchaguzi wa 2022 kwamba Jubilee imekopa vibaya. Hiyo ni sheria ya kujisamehe, mimi sijui kuiita vingine.

Sasa wewe na mabati yako, hapa ndipo nataka mniskize. Kifungu cha 212 kinasema kaunti haiwezi kukopa mpaka serikali kuu iidhamini na bunge la kaunti likubali. Kwa hivyo gavana anasimama kwa redio anasema sisi kaunti hatuna deni la Wachina, na ni kweli kabisa! Yeye hakopi benki. Anakopa kwako. Alichukua bati, hakulipa, hana riba, hana tarehe, na hakuna kikomo. Msimamizi wa bajeti, mama Nyakang'o, anaandika kila robo mwaka na bili za kaunti ambazo hazijalipwa ni zaidi ya bilioni 150. Hiyo ni nakisi, hata kama kwa vitabu bajeti ya kaunti inaonekana imesawazishwa. Imesawazishwa kwa mgongo wa sapleya.

Na serikali kuu ilifanya vile vile kwa makontrakta wa barabara miaka nenda miaka rudi, tofauti ni kwamba makontrakta wana mawakili. Ndio maana kwa ile ushuru ya barabara ya shilingi 25 kila lita ya mafuta, 7 zimeshauzwa mbele ili zipatikane bilioni 175 za kuwalipa. Watoto wako wakianza kuendesha gari watakuwa bado wanalipia lami ambayo pengine imeshang'oka. Wanasema hiyo si deni. Kwa vitabu vyao.

---

FundiMabati_Nax:

Mzee wangu shikamoo. Hii ya kukopa kwangu bila riba imenikalisha chini. Benki nayo inanidai ile ya simiti na hao wanaweka riba kila mwezi, kwa hivyo mimi ndiye nakopea kaunti na interesti nalipa mimi. Mbona hakuna mtu anatuelezea hivi.

---

Mama_Njoro:

Wanaelezea, hamji tu. Mimi nilienda ile ya kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, ukumbi ulijaa kwa sababu walisema kuna nauli. Kitabu cha bajeti kilikuwa kopi moja, mnene, kwa meza ya mbele, na afisa ameweka chupa ya maji juu yake. Nikaomba nione ukurasa wa usafiri na wa bili za kulipwa, akaniambia mama hiyo ni ya kiufundi, uliza kuhusu wadi yako. Nikauliza kuhusu wadi yangu, dakika zikaisha. Watu wakaanza kupanga laini ya soda na nauli, na kwa hiyo laini MCA wetu, mwakilishi wa wadi, alikuwa anaahidi barabara tatu na wakati huo huo akilaumu gavana kwa kumaliza pesa. Watu wakampigia makofi kwa zote mbili.

MiwaChungu ako right, hata sisi.

---

Mwalimu_Butere:

Dada hiyo kopi ni haki yako kuipata, na siku hizi kaunti nyingi zinaweka kwa tovuti, sema tu zinaweka ikiwa imeskaniwa upande. Mimi nafundisha kidato cha tatu na siku moja niliwapa ukurasa wa matumizi ya kaunti watafute asilimia ya mishahara kwa mapato. Sheria inasema isipite 35. Waliipata imepita, mmoja akauliza mwalimu sasa nani anashikwa? Nikawaambia tuendelee na logarithimu.

---

FundiMabati_Nax:

😂😂 Mwalimu umenimaliza. Karani mzee nisaidie basi, ile kamati ya kuhakiki madeni tulisikia iliundwa, mimi naweza peleka hii LPO huko?

---

Karani_Mstaafu:

Hapana, usipoteze nauli. Ile iliundwa 2023 ni ya madeni ya serikali kuu, ya kuanzia 2005 mpaka Juni 2022. Ya kaunti haimo. Wewe kwanza hakikisha deni lako limeandikwa kwa orodha ya hiyo kaunti ya bili zisizolipwa, kwa sababu gavana mpya akiingia kitu cha kwanza ni kuunda kamati ya kuhakiki na chochote hakimo kwa orodha kinaitwa hewa. Andika barua kwa ofisa mkuu wa fedha, nakala kwa bunge la kaunti na kwa ofisi ya msimamizi wa bajeti, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kuna kanuni kwamba bili za zamani zilipwe mbele, za kwanza kuingia za kwanza kulipwa. Hawaifuati lakini ukiwa na tarehe wataogopa kidogo.

Uko na LPO, delivery note na invoisi, zote tatu, na sahihi ya yule stoo kipa?

---

FundiMabati_Nax:

Zote niko nazo kwa faili, sahihi iko na muhuri uko. Stoo kipa ndiye alihamishwa.

---

Jakisumo_wa_Kondele:

Alihamishwa wapi, huku kwetu? Nitumie jina kwa inbox, usiweke hapa.